Kichwa cha Nyati Ndani ya Msumeno wa Jogoo

Niliondoka kijijini kwa sababu ya mstari mmoja nilioandika mwenyewe kwenye daftari la kijiji: "Sehemu ya ndani ya msumeno imebadilishwa." Nilikuwa katibu wa kijiji chetu, milimani kusini ya Mafinga, na mstari huo ulikuwa unakaribia kumfukuzisha mtu.

Msumeno wenyewe ulikuwa wa mashine, ule unaokata kwa mnyororo, ambao kwetu kila mtu aliuita chenso. Tulipewa na misheni wakati seremala wao Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao. Ulikuwa mkongwe, wa rangi nyekundu, na ubavuni ulikuwa na kibati chenye picha ya jogoo. Jina lililoandikwa chini ya picha halikuwa na mtu wa kulitamka, kwa hiyo tuliuita Jogoo. Barabarani, wachoma mkaa walikuwa na misumeno ya njano yenye kichwa cha nyati. Hiyo tuliiita Nyati.

Mkata miti wetu alikuwa Yohana Mgaya, mtu mpole aliyelala na ule msumeno chumbani ili usiibiwe. Siku moja ulizimika katikati ya gogo ukakataa kuwaka. Tuliita fundi wa baiskeli kutoka kijiji cha pili, akafungua skrubu, na wote tukachungulia. Ndani, juu ya kasha la chuma linalobeba injini, kulikuwa na kichwa cha nyati.

Ili msomaji aelewe kilichofuata, ni lazima nieleze nyundo ya alama. Kwetu mti ukiangushwa, kabla gogo halijavutwa hata hatua moja, hugongwa nyundo kwenye kichwa chake. Kila kikundi cha wakataji kina nyundo yake. Ya kwetu huacha alama ya jembe. Gogo lenye alama ya jirani likikutwa uwanjani kwako, hakuna maneno, umeiba. Ndivyo tulivyozoea, na utaratibu huo umetuepusha na ugomvi mwingi.

"Hiki chuma ni cha Nyati," alisema Mwenyekiti Kihwele. "Cha Jogoo kiko wapi, Yohana?"

"Mwenyekiti, tumbo la mashine hii sijawahi kuliona mpaka leo."

"Unalala nayo!"

"Nalala nayo isiibiwe. Kulala nayo ndiyo kuifungua?"

"Kuku kameza nyati!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, na watu wakacheka. Nadhani kicheko kile kilimuumiza Yohana kuliko swali la Mwenyekiti. Mimi niliandika mstari wangu.

Siku mbili baadaye shemeji zake walikuja kutoka Kalenga, wakamchukua dada yao Agnesi, mke wa Yohana, pamoja na mtoto mdogo. Walisema hawakumwoza kwa mwizi wa mali ya kijiji. Kamati ikapanga kwamba Jumapili inayofuata, baada ya ibada, Yohana atolewe kwenye kikundi cha ukataji na kesi yake ipelekwe wilayani.

Jioni ile nilisoma tena nilichoandika. Nilichokiona kwa macho ni kichwa cha nyati. Kubadilishwa sikukuona. Nilikwenda kwa Kihwele kuomba barua ya ruhusa ya kusafiri, nikawaulize wauza vipuri.

"Nenda, Ndugu Katibu," alisema, akiandika. "Mimi Yohana si adui yangu. Paa la zahanati linasubiri mbao zake. Lakini ukirudi na maneno matupu ya dukani, hayatasaidia kitu."

Kabla ya kuondoka niliweka karatasi juu ya kile kichwa cha nyati na kuipitishia penseli iliyolazwa mpaka alama yote ikatokea. Kisha niliandika namba iliyokuwa kwenye kibati cha jogoo. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mzigo wangu, pamoja na koti la mvua na viazi vya kuchemsha.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, niliteremka kwa miguu hadi Mafinga. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliisikia barabara kuu kabla ya kuiona. Ilikuwa miaka ya sabini, lami ya kwenda Zambia ikiwa bado mpya, na malori yalipita yakivuma kama yanamkimbia mtu. Basi la Iringa lilikuja saa tatu.

Iringa nilifika mchana. Niliuliza sokoni duka linalouza vipuri vya chenso, nikaonyeshwa la Bwana Nurali, mzee mwembamba wa Kihindi aliyezaliwa mjini hapo na aliyesalimia kila mteja kwa Kihehe.

"Kamwene!"

"Kamwene, Bwana Nurali. Natafuta habari, si kipuri."

"Habari? Hiyo haina rafu. Kaa."

Nilimwonyesha karatasi ya penseli na kumweleza. Hakushangaa hata kidogo. Alipanda ngazi, akashusha boksi dogo, akafungua. Ndani kulikuwa na pistoni iliyofungwa kwa karatasi yenye mafuta.

"Hii nimeagiza ya Jogoo," alisema. "Angalia boksi."

Boksi lilikuwa na alama ya gundi kavu, mahali palipobanduliwa kitu.

"Palikuwa na nini hapo?"

Alicheka kwa aibu kidogo. "Nyati. Miaka mingi mimi naagiza Jogoo, wananiletea boksi la Nyati. Zamani niliuza hivyo hivyo. Mteja anakwenda mpaka mlangoni, anaona picha, anarudi: 'Mzee, unanidanganya?' Naeleza, hataki. Basi nikaanza kubandua karatasi."

"Kwa hiyo mteja hajui?"

"Mteja anafurahi. Mashine inawaka." Kisha akanitazama vizuri, furaha ikampungua usoni. "Lakini huyo mtu wako... Ningeiacha karatasi, labda watu wangeshazoea."

Nilimuuliza kama angeniandikia barua kwamba hata kasha la injini la Jogoo lina nyati. Alikataa. Alisema yeye huuza vitu vidogo, pistoni na plagi, na kasha zima hajawahi kuagiziwa. "Siwezi kuapa kwa kitu ambacho sijakishika. Nenda Mbeya, kwa Fundi Mwasomola. Wachimbaji wa dhahabu wa Makongolosi wanakata miti ya kuzuia mashimo yasibomoke, na chenso zao zote zinafia kwake."

Jumanne nilipata basi la kwenda Mbeya. Tulirudi njia niliyokuja, tukapita Mafinga na Makambako, kisha milima ikatuacha na tambarare ya Usangu ikafunguka upande wa kulia, ya manjano, joto likiingia madirishani. Kando yangu alikaa mzee mmoja, Masanja, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Basi lilipunguza mwendo kupisha kundi la ng'ombe, na nikaona dume mmoja mwenye alama mbili za moto kwenye paja.

"Yule ameibwa," nilisema.

Masanja alinigeukia kama nimemtukana. "Nani kakwambia?"

"Ana alama mbili."

"Ana alama mbili kwa sababu ana historia, kijana. Mwenyewe wa kwanza alimchoma alama yake. Akamtoa mahari. Aliyempokea akachoma ya kwake. Ya zamani utaifutaje, utamchuna ngozi?" Akawageukia abiria wa nyuma. "Jamani, huyu bwana wa milimani akiona ng'ombe wangu atanifunga!"

Walinicheka mpaka Chimala. Nilicheka nao, lakini nilitoa daftari. Kwa watu wangu alama ya pili ilikuwa kosa. Kwa mzee huyu ilikuwa kumbukumbu. Sikuwa na hakika bado chuma kilifuata sheria ya nani.

Mbeya niliingia alasiri, baridi ikiteremka kutoka mlimani na nguo zangu bado zina vumbi la Usangu. Karakana ya Fundi Mwasomola ilikuwa nyuma ya nyumba yake, kibanda cha mabati chenye harufu ya petroli na unga wa mbao. Mkewe, Mama Tulinagwe, ndiye aliyenipokea. Aliponiuliza natoka wapi nikamjibu, alisema, "Ndaga, ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaniwekea ndizi na maharage kabla sijataja shida yangu.

Fundi alikuja akifuta mikono. Alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilimwamkia, nikampa karatasi ya penseli. Aliitazama kwa muda mfupi sana.

"Mistari hii imeinuka au imezama?"

"Sijakuelewa, Mzee."

"Ulipopapasa kwa kidole. Imevimba juu ya chuma au imechimbika?"

Nilifikiri. "Imevimba."

"Basi haikugongwa na mtu. Imetoka na chuma kwenye kalibu, siku chuma kilipomiminwa kikiwa uji. Nyie mnaogonga magogo mnadhani kila alama imegongwa."

Alitandika gunia sakafuni, akapanga juu yake misumeno mitatu mibovu iliyovuliwa maganda, matumbo wazi. Kisha akasimama nyuma yake na mikono kiunoni.

"Haya, Katibu. Mmoja ni Jogoo, mmoja ni Nyati, mmoja ni wa kijani, huku tunaita Mshale. Nionyeshe Jogoo."

Nilichuchumaa nikaikagua yote. Makasha yote matatu yalikuwa na kichwa cha nyati. Niliteua wa katikati.

"Huyo ni Mshale!" Mama Tulinagwe alisema kutoka mlangoni, akicheka. "Hata mimi ninayepika najua. Umeusahau mfuniko wa kabureta."

"Mwache mgeni," alisema Fundi. "Mwaka wa kwanza mimi pia nilikosea."

Alinieleza, na ninaandika kama alivyosema. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi na fundi mgeni aliyezunguka kwenye misitu ya kupandwa, na mgeni huyo alipoondoka alimwachia vitabu vya vipuri. Kwa mujibu wa Mwasomola, zamani wenye kiwanda cha Jogoo walitengeneza misumeno yao wenyewe, mizito, ya kubebwa na watu wawili. Baadaye wakaona faida iko kwenye injini za boti, wakaacha misumeno. Lakini jina lilikuwa linauzika. Basi wakawa wananunua injini kwa wenye Nyati, wanaifunika ganda jekundu, wanabandika jogoo. Miaka ikapita, wenye Nyati nao wakanunuliwa na wenye Mshale, ambao mwanzo walikuwa watu wa baiskeli. Hao wakahamishia kazi nchi nyingine lakini wakaondoka na kalibu zile zile, kwa sababu kalibu ni ghali kuchonga. Ndiyo maana msumeno wa kijani uliotengenezwa juzi una kichwa cha nyati ambaye kiwanda chake kimeshafungwa.

"Na wenye Jogoo wa leo?"

"Hao nasikia hawana kiwanda kabisa. Wana ofisi na picha ya kuku."

Hili la mwisho sikuweza kulithibitisha, na yeye mwenyewe alikiri ni la kusikia. Lakini vitabu alinionyesha. Kurasa za Jogoo na za Nyati zilikuwa na michoro ile ile, namba zile zile, tofauti ni rangi ya jalada.

Nilifurahi, nikataka kuondoka saa ile ile. Fundi alinishika bega.

"Polepole. Umejua kwamba Jogoo anaweza kuwa na tumbo la Nyati. Hujajua kama huyo Jogoo wenu ana tumbo lake. Mtu anaweza kutoa kasha zima la nyati akaweka kasha bovu la nyati. Umenielewa?"

Nilimwelewa.

"Ile namba ya kwenye kibati," aliendelea, "imegongwa mara mbili. Mara ya pili iko kwenye kasha, chini ya gurudumu la sumaku, ambako fundi wa baiskeli hafiki. Kalitoeni gurudumu, mwangalie. Zikilingana, kasha halijawahi kutoka humo tangu kiwandani. Zisipolingana, ndugu yangu, huyo mtu wenu anajua kitu, na mimi sitaandika barua ya kumwokoa."

Alinionyesha mara tatu jinsi ya kulitoa lile gurudumu bila kulivunja, akaniazima chuma chake cha kulivutia. Jumatano nzima nilirudia kazi hiyo kwenye msumeno mbovu mpaka akaridhika.

Njia ya kurudi sikuiona vizuri. Alhamisi basi liliharibika Igawa, tukakaa pale hadi Ijumaa, na wakati wote namba ya kibati ilikuwa inajirudia kichwani mwangu. Nilikuwa nimesafiri kumsafisha mtu, na sasa nilikuwa nimebeba chombo ambacho kingeweza kummaliza. Niliwaza kuinyamazia namba ya pili. Ningeweza kuwasomea habari za viwanda vitatu, wangeduwaa, na mambo yangeisha. Lakini mashaka yangebaki kwa Yohana maisha yake yote, na kwangu pia.

Jumapili, baada ya ibada, kamati ilikaa kwenye uwanja wa magogo. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya ibada kubwa. Yohana alikaa peke yake juu ya gogo, kofia mapajani. Nilieleza yote kwa mpangilio: boksi lililobanduliwa karatasi, misumeno mitatu kwenye gunia, kalibu, na mwisho ile namba ya pili. Nilisoma namba ya kibati kwa sauti, nikamwomba Yohana afungue.

"Sifungui," alisema. "Nikiigusa mimi mtasema nimeiandika."

"Hata Katibu asifungue," mtu alidakia. "Katibu kaenda Mbeya, kala ndizi za watu."

Basi akafungua Mwenyekiti Kihwele mwenyewe, kwa mikono isiyozoea, mimi nikimwelekeza kwa mdomo tu. Gurudumu lilikataa, kisha likatoka kwa mshindo. Chini yake kulikuwa na uchafu mweusi wa miaka. Kihwele aliufuta kwa kona ya shati lake la kanisani, akainama, akasogeza uso karibu.

Alisoma tarakimu ya kwanza. Nikaifuata kwenye daftari. Ya pili. Ya tatu. Ilikuwa namba ya tarakimu sita, na kwenye ya tano alisita, akaufuta tena uchafu.

"Nane," alisema. "Na sifuri."

"Ndiyo yenyewe," nilisema.

Yule aliyepiga kelele ya kuku na nyati aliangalia viatu vyake. Kihwele alinyoosha mgongo, doa jeusi likiwa kwenye kona ya shati, akamwendea Yohana na kumpa mkono kwa mikono yote miwili.

"Mgaya, tumekukosea. Mimi wa kwanza."

"Nimesikia, Mwenyekiti," alijibu Yohana. "Lakini waliosikia kwamba mimi mwizi si hawa tu. Wengine wako Kalenga."

Jumatatu mimi na Kihwele tulikwenda Kalenga. Yohana hakuja, kwani kwa desturi zetu mwenye neno haendi kujisemea ukweni. Tulifika saa nane, tukaketishwa uani kwa wazazi wa Agnesi. Kihwele alianza kuzungumza kwa sauti ndogo. Agnesi, aliyekuwa anapepeta maharage, alimkatiza bila kuinua kichwa.

"Baba, samahani. Wakati wa kumtukana mume wangu mlikuwa na sauti. Hata majirani hapa walisikia."

Mama yake alitaka kumkemea, lakini Kihwele aliinua mkono. Alisimama, mtu wa makamo mwenye cheo, akaenda hadi kwenye uzio, na akasema kwa Kihehe, kwa sauti ya kuita watu msituni, kwamba Yohana Mgaya hakuiba kitu, na kwamba wajinga walikuwa yeye na kamati yake. Kaka zake Agnesi walitazama chini. Majirani wawili walitoka, na akarudia kwa ajili yao.

Agnesi alimalizia kupepeta maharage yake, akaingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni na furushi kichwani.

Kwenye basi alikaa kiti cha mbele yangu. Tulipopita msitu wa kwanza wa misonobari aligeuka.

"Katibu, siku zote hizo Yohana alikuwa anakula nini?"

Nilijua kalibu ya nyati ilihamia nchi nyingine. Nilijua nani alinunuliwa na nani, na boksi gani lilibanduliwa karatasi Iringa. Hilo sikulijua, na kutoka mlangoni kwangu hadi kwa Yohana ni mwendo wa hatua mia moja.

"Sijui, shemeji," nilisema. "Sikuuliza."

"Basi tukifika usipitie kwako. Njoo kwangu kwanza, umuulize mwenyewe."

Nilikwenda. Yohana alinijibu bila kinyongo, akimkalisha mwanawe pajani. Siku za mwanzo alikula viazi vya kuchoma. Kisha moto wake ulizimika, na wiki ile dukani hapakuwa na kiberiti. Akaloweka mahindi, akawa anatafuna hayo. Kuomba kaa la moto kwa jirani aliona haya, kwa kuwa hakujua angejibiwa nini mlangoni.

Nyumba ya jirani iliyokuwa na moto ilikuwa yangu.